Shajara ya mradi: Kutoka Unguja hadi Grenada, muhula wa kwanza

Maelezo ya mradi

Kazi yenyewe ni hii: kuhamia Grenada, nchi ya visiwa huko Karibi, kusoma shahada ya uzamili ya afya ya jamii katika Chuo Kikuu cha St. George's, na ikifika Desemba 2024 niwe nakaa nyumbani, nimeshatoka kwenye maisha ya masanduku. Nyumba kwangu ni maji, umeme, jiko linalopika vyakula ninavyovijua, njia ya kwenda darasani na kurudi, na watu wawili watatu ninaoweza kuwagongea mlango usiku. Bajeti ni posho ya ufadhili, na haina nafasi ya mchezo.

Nimeamua kuiandika kama tunavyoandika ripoti za miradi kazini, kwa sababu kuna vijana kwetu watakaokuja nyuma yangu. Habari nilizozikuta kwa Kiswahili kabla ya kuondoka zilihusu uvamizi wa Marekani wa 1983 na hazikusema mtu ananunua wapi mtungi wa gesi.

Julai: maandalizi

Tarehe 1 Julai kimbunga Beryl kilipiga Carriacou, kisiwa kidogo cha nchi hiyo hiyo, kikiwa cha daraja la nne. Carriacou na Petite Martinique ziliharibiwa vibaya mno. Kusini mwa kisiwa kikuu, kilipo chuo, kuliguswa kidogo tu, lakini kwa siku kadhaa nyumbani kwetu hapakuwa na mazungumzo mengine. Baba alitaka niahirishe mwaka. Nikamwonyesha ramani na barua ya chuo, akanyamaza, kisha akaenda kuninunulia tochi.

Njia ndiyo iliyonichosha kuliko masomo. Ukipita Marekani unahitaji viza hata kama hutoki nje ya uwanja wa ndege, na njia ya London nayo ina masharti yake. Anayefuata aanze na hili kabla ya kitu kingine chochote. Tiketi hubadilishwa, tarehe ya miadi ubalozini haibadiliki kirahisi.

Mizigo: kadi ya chanjo ya homa ya manjano, kanga tatu, kifumbu, unga kidogo wa pilau. Mama alitaka nibebe na kungumanga. Nikamwambia Grenada imeiweka kungumanga kwenye bendera ya taifa, akacheka, akaitia vilevile.

Agosti: nyumba

Hali: nyumba imepatikana, samani nusu.

Kisiwa ni kidogo kuliko nilivyodhani. Nchi nzima, visiwa vyote vitatu, ni kilomita za mraba 344. Unguja peke yake inaizidi zaidi ya mara nne. Lakini Unguja ni tambarare, na hapa ni milima ya volkano, barabara zinapanda na kujikunja, mlima St. Catherine una mita 840. Umbali wa ramani hauna maana yoyote hapa, ulizia muda.

Wanafunzi wengi hukaa upande wa kusini: True Blue penyewe kilipo chuo, Lance aux Épines, au Grand Anse. Nimechukua chumba na jiko lake juu ya kilima nyuma ya Grand Anse, chini ya nyumba ya bibi mmoja mjane ambaye nitamwita Bibi Mwenye Nyumba. Bei ilitajwa kwa namba tupu, bila jina la sarafu. Dola ya Karibi ya Mashariki imefungwa na ya Marekani tangu 1976, moja ya Marekani kwa 2.70 za hapa, kwa hiyo "mia sita" inaweza kuwa kodi nafuu au kodi ya kukufukuza. Mtu aliyekulia Unguja, ambako mwenye nyumba wa mjini alikuwa akikutajia dola na muuza samaki shilingi, anauliza mara moja: dola za nani? Za hapa, akasema. Nikalipa mwezi wa kwanza na amana.

Jambo lililonichanganya wiki hizi za mwanzo ni jinsi mambo yanavyofanana. Magari yanakwenda kushoto. Soketi ni za pini tatu za bapa, umeme ni volti 230, chaja zangu zote zimeingia bila adapta. Nje ya dirisha kuna mshelisheli, mwembe na mnazi. Ukiwa umejiandaa kwa ugeni halafu hauuoni, unalegea, na hapo ndipo mambo madogo yanapokukamata. Mfano ni vyombo vya mitumba. Wanafunzi wanaomaliza huuza vitu vyao kwa bei ya kutupa, na wengi wanatoka Marekani. Sufuria ya umeme ya wali niliyooneshwa ilikuwa nzuri, mpya, rahisi, na chini yake kibao kilisema volti 120. Ingeingizwa kwenye soketi ya ukutani ingeungua kabla mchele haujachemka. Soma kibao cha kila kitu, hata cha pasi. Nilinunua feni ya dukani na jiko la gesi, sufuria nikaiacha.

Kibla nayo. Kwetu mtu anaelekea kaskazini bila kufikiri. Huku ni mashariki ikivutika kaskazini kidogo, yaani pembeni mwa kabati. Ilibidi kitanda kihamishwe.

Septemba mwanzoni: usafiri, na salamu

Mabasi ni vipanya vyenye namba, kama daladala zetu. Aliyezoea 502 ya Bububu hatapotea: namba 1 inapita Grand Anse na kuishia stendi kuu ya mjini St. George's, barabara ya Melville, karibu na soko la samaki. Dereva anapiga honi kukuuliza kama unakwenda, muziki wa soca, ule wa dansi wa Karibi, unatetemesha viti, watu wanabanana, na ukitaka kushuka unagonga bodi. Ukiongeza nauli kidogo dereva huacha njia akakufikisha mlangoni. Jioni hupungua, Jumapili karibu hayapo, na hilo ndilo la kupangia: soko la wiki lifanyike Jumamosi asubuhi.

Adabu ya basi ni salamu. Anayepanda huwaamkia waliomo, na wote huitika. Mwenzangu wa darasani anayetoka jiji kubwa la Marekani alipanda kimya akiwa na vizibo vya muziki masikioni, akakaa, na mama mmoja mwenye kikapu akamtazama kama aliyemkanyaga. Mimi niliamkia kwa mazoea ya nyumbani tu, na mama huyo huyo akanisogezea nafasi na kuniuliza mimi ni wa parokia gani, ndivyo wanavyoziita wilaya zao. Nikasema Zanzibar. Akafikiri, akasema haijui, lakini ni lazima ni karibu na Gouyave, mji wao wa wavuvi, maana ninaongea kwa adabu.

Septemba 7

Leo ni miaka 20 tangu kimbunga Ivan. Hakuna kazi ya nyumba iliyofanyika; nimekaa kibarazani na Bibi Mwenye Nyumba kuanzia alasiri.

Mwaka 2004 watu wa hapa walikuwa wamejiaminisha kwamba vimbunga ni habari ya visiwa vya kaskazini. Cha mwisho kikubwa kilikuwa Janet, 1955, na waliokikumbuka walikuwa wazee. Ivan ikapita juu yao mchana, na takribani nyumba tisa katika kila kumi ziliharibika. Walikufa watu 39. Paa la nyumba hii liliondoka zima. Bibi alijificha chini ya meza ya chuma na mpwa wake, na anachokikumbuka zaidi ni kilichofuata: kulipokucha, mlima uliokuwa kijani ulikuwa kahawia, hauna jani hata moja.

Mikungumanga ndiyo iliyoumiza nchi. Kabla ya Ivan, Grenada ilikuwa ya pili duniani kwa kungumanga baada ya Indonesia. Miti mingi iling'oka siku moja. Mkungumanga huchukua miaka sita, saba, hata nane kabla ya kuzaa, na miti ya kiume na ya kike ni mbalimbali, hivyo aliyepanda mbegu husubiri miaka yote hiyo ndipo ajue kama amepanda mzaaji. Wakulima wengi walikuwa na umri mkubwa. Wengine hawakupanda tena.

Nikamsimulia tufani ya 1872. Ilipiga Unguja mwezi Aprili, ikaangusha sehemu kubwa ya mikarafuu, na Pemba ikanusurika kwa kiasi kikubwa; tangu hapo karafuu ni Pemba. Bibi alinisikiliza kwa makini ya mtu anayepata habari za ndugu. Aliuliza kama sisi tulipanda upya. Nikasema tulipanda, lakini mizani haikurudi. "Ndiyo," akasema. "Mizani hairudi."

Hatua za mradi zilizotokana na leo: vyeti vyote vimetiwa kwenye mfuko usiopitisha maji, tochi ya Baba ipo mlangoni, nimeonyeshwa mahali panapowekwa mbao za madirisha na nani anasaidiana na nani kuzipigilia. Msimu rasmi unakwisha Novemba 30.

Septemba mwishoni: maji na mbu

Hali: maji ya bomba yapo, akiba haitoshi.

Kiangazi cha hapa ni Januari hadi Mei, na mwaka huu kilikuwa kikali hata Mei wakawekewa masharti ya kutumia maji. Sasa ni mvua, bomba linatiririka, na kila mtu anajifanya amesahau. Mimi natoka Mjini Unguja. Bomba linalotoka kila siku linanitia wasiwasi. Nimepata pipa moja. Mpango ni simtanki kabla ya Januari, nusu kwa nusu na Bibi.

Pipa nimelifunika kwa wavu na kulifunga kwa mpira. Malaria hapa hakuna. Kuna dengi, na mbu wake, Aedes, anapenda hasa maji safi yaliyotulia kwenye vyombo vya majumbani, na anauma mchana. Maarifa yetu yote ya chandarua ni ya mbu wa usiku. Hapa unakaa unasoma saa nne asubuhi miguu ikiliwa chini ya meza, huku chandarua kizuri kimening'inia juu ya kitanda kitupu. Profesa alituonyesha picha za viluwiluwi, nikaenda nyumbani nikamwaga maji ya visahani vyote vya maua ya Bibi. Hakufurahi siku hiyo.

Oktoba: bahari, na sikukuu mbili

Bahari ya hapa haitoki. Nimekwenda Grand Anse asubuhi, mchana, jioni, mwezi mchanga na mwezi mpevu, maji yapo pale pale. Kwetu bamvua huvuta maji mpaka wanawake wakaenda mbali kwa miguu kwenye mwani na chaza, tofauti ya kupwa na kujaa ikafika mita nne. Hapa haifiki hata nusu mita. Ni ufukwe mzuri sana, na kwangu haukamiliki. Upepo nao ni wa matlai, mwaka mzima ni wa matlai tu, hakuna kaskazi na kusi za kukuambia umefika mwezi gani.

Tarehe 19 Oktoba ni sikukuu ya mashujaa, iliyotangazwa mwaka jana tu, 2023. Ndiyo tarehe aliyouawa Maurice Bishop, waziri mkuu wa serikali ya mapinduzi, na wenzake ngomeni mwaka 1983. Tarehe 25 ni sikukuu ya shukrani, na ndiyo siku majeshi ya Marekani na baadhi ya nchi za Karibi yalipoingia. Yaani ndani ya wiki moja nchi inaomboleza mkuu wa mapinduzi na kushukuru kwa kilichokuja baada yake. Usalama wa wanafunzi Wamarekani wa chuo hiki hiki ulitajwa kuwa sababu ya kuingia, kwa hiyo mwanafunzi wa kigeni akiuliza swali, watu humpima kwanza. Uwanja wa ndege tulioshukia sasa unaitwa kwa jina la Bishop.

Nilimuuliza dereva mmoja wa makamo. Akazungumza juu ya bei ya petroli. Nikaelewa. Sisi tuna Januari 12, siku ya Mapinduzi ya 1964, na nyumba nyingi Unguja mtoto hujifunza mapema maswali gani hayaulizwi mezani. Sikurudia.

Oktoba hadi Novemba: jiko (kazi ndogo iliyokuwa kubwa)

Hapa ndipo mradi ulipokwama, na ndipo nilipotumia muda mwingi kuliko nilivyopanga.

Sokoni mjini Jumamosi kuna karibu kila kitu: majimbi na majani yake, ndizi mbichi, mbaazi, shelisheli, stafeli, embe ng'ong'o, manjano mabichi, mdalasini wa kukatwa, tangawizi, ukwaju. Samaki wapo, jodari wa Gouyave wanasafirishwa mpaka Marekani na wanaobaki ni wazuri. Pilipili ziangalie. Kuna zile ndogo zilizokunjamana, rangi na umbo la pilipili mbuzi kabisa, na haziwashi. Ni za harufu tu. Zimelazwa kwenye kibao kimoja na dada zake zinazowasha, na wenye mali wanazitofautisha kwa jicho. Mimi bado nauliza.

Nazi zipo tele, rahisi. Kilichokosekana ni mbuzi wa kukunia. Watu wa hapa hukwangua nazi kwenye kikwaruzo cha bati au huitia kwenye blenda, na tui linatoka, sikatai, lakini kwa blenda linakuwa na vumbi la chicha ambalo hata kifumbu hakilizuii, na kwa kikwaruzo vidole vyangu vililia. Tui la kopo ni ghali na lina ladha ya kopo.

Nikachora mbuzi kwenye daftari. Nikampelekea fundi wa kuchomelea anayefanya kazi chini ya mwembe, chini ya kilima chetu. Akaligeuza daftari mara mbili, akauliza kama mtu anakaa juu yake. Nikasema ndiyo. Akauliza kama ni kwa ajili ya watoto. Nikamwomba anipe kipande cha nazi nikamwonyesha kwa ishara, nimechuchumaa pale, mikono inazunguka, na kijana wake akaanza kucheka hadi akaweka koleo chini. Lakini fundi alielewa. Alichukua panga kuukuu, akakata ulimi, akachonga meno, akaupachika kwenye ubao wa kukunjika.

Wa kwanza ulitoka umenyooka kama mkuki. Mama aliukagua kwa video. Saa sita mchana yangu ni saa moja jioni yake, ndio wakati wetu.

"Mwanangu, hilo ni la kuchimbia kaburi. Mbona halijainama?"

"Ataliinamisha, Mama."

"Na meno marefu hayo. Litakuna mpaka kifuu. Mwambie apige tupa."

Nikarudi. Fundi akaupasha moto, akauinamisha, akapunguza meno kwa tupa. Aliniuliza huyo anayetoa maagizo ni nani. Nikamwambia ni mhandisi wa mradi.

Jumapili iliyofuata nilikuna nazi mbili kibarazani. Bibi Mwenye Nyumba akashuka kuangalia. Wali wa nazi, mbaazi, jodari wa kupaka. Alikula kimya, kisha akasema wali wake na mbaazi zake anapika hivyohivyo, ila yeye huchanganya sufuria moja. Wiki iliyofuata akanifundisha chakula chao cha taifa, "oil down", kwa sharti kwamba atabadilisha mkia wa nguruwe kwa samaki wa chumvi kwa ajili yangu. Ni shelisheli na ndizi mbichi chini, nyama au samaki, karoti, vinyunya vya unga, majani ya majimbi juu kabisa kama kifuniko, halafu tui lenye manjano linachemshwa mpaka likauke na kubaki mafuta chini ya sufuria. Hukorogi hata mara moja. Upangaji ndio upishi, na kila parokia inadai jirani yake hajui kupanga. Mimi nimekula shelisheli la nazi tangu utoto, kwa hiyo nilikuwa na maoni, na nilipoyatoa nilinyang'anywa mwiko.

Novemba mwishoni: Gouyave

Tulipelekwa na idara kuangalia afya kazini kwenye kiwanda cha kungumanga cha Gouyave. Ghorofa za mbao, harufu nzito, akina mama wamekaa kwenye mabenchi wakichagua kokwa kwa mkono, vumbi. Kokwa humwagwa majini: nzuri huzama, zilizo nyepesi huelea na kupelekwa kukamuliwa mafuta. Wakulima huuza kupitia ushirika wao ulioanzishwa 1947, na malalamiko niliyoyasikia kuhusu bei na malipo ya kuchelewa ningeweza kuyasikia Wete, Pemba, bila kubadilisha neno, kwa sababu karafuu zetu nazo zina mnunuzi mmoja. Ripoti yangu ya darasa itakuwa juu ya migongo ya wale akina mama. Basibasi, ule utando mwekundu unaofunika kokwa, niliyonunua pale imekauka vizuri na nimeituma nyumbani na mtu anayekwenda London.

Desemba: hali ya mradi

Nyumba: imekamilika, isipokuwa kabati ambalo mlango wake haufungi na halitafunga.

Usafiri: umekamilika. Dereva mmoja wa namba 1 ananisubiri nikichelewa, na anawaambia abiria mimi ni wa Gouyave.

Umeme: unawaka, lakini bili inauma. Karibu wote unatokana na dizeli, kwa hiyo usiwaze kiyoyozi.

Watu: Bibi juu, fundi chini ya kilima, wanafunzi Waislamu tunaokutana Ijumaa, mama wa kikapu ambaye sasa najua anauza majani ya majimbi na hunipunguzia.

Jiko: linafanya kazi. Fundi ametengeneza mbuzi wa pili kwa oda ya Bibi, wenye kiti cha mahogani, na ametoza bei mara mbili ya wangu. Anadai wangu ulikuwa wa majaribio.

Maji: bado. Mvua zimeanza kupungua na Bibi anaanza kutazama bomba kwa jicho ninalolijua. Tumelipia tangi, lori linalileta Jumamosi, na matofali ya kuliwekea msingi yameshapangwa nyuma ya jiko. Fundi bomba amesema atakuja saa mbili asubuhi. Nimepanga kumtarajia saa sita.